Saa za Stesheni ya Masasi

Masasi huhesabu mikasa yake kwa tarehe. Tarehe 14 Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, walikivamia kijiji cha misheni walimokuwa wakiishi watumwa walioachwa huru, wale waliofika na Askofu Edward Steere kutoka Unguja mwaka 1876. Baada ya hapo Padri Chauncy Maples alihamishia kazi yake Newala, juu uwandani. Mwaka 1905 vita vya Majimaji viliifikia Masasi na misheni ikateketea. Oktoba 1917, kwa siku nne, Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, na waliokufa wengi walikuwa Waafrika, askari wa pande zote mbili. Mwezi uliofuata kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma. Aprili 1952 tufani ikapiga pwani ya Lindi na Mtwara.

Mikasa hiyo yote ina majina, na bado wapo wazee wa kukuonyesha kwa kidole mahali ilipopita. Upo mmoja usio na jina. Haukuua mtu wala kuchoma nyumba. Ulipokwisha ulibakiza tuta la udongo lililonyooka mno kuwa la asili, na makaravati chini yake ambamo watoto hupita wakikimbiza mbuzi. Reli iliingia Masasi mwaka 1958. Mwaka 1962 ikafungwa, kisha ikang'olewa. Mtoto aliyezaliwa siku garimoshi la kwanza lilipoingia alikuwa hajafikia umri wa kwenda shule lilipoondoka la mwisho.

Mkasa wa dakika moja huandikwa. Huu ulichukua miaka 16, tangu 1946 hadi 1962, ndiyo maana umepita bila kuombolezwa. Lakini una saa zake. Watu wa reli waliishi kwa saa, nami naupanga kama wao walivyoipanga siku, tangu moto unapowashwa.

Saa 9 usiku

Injini ya mvuke haiwashwi kwa ufunguo. Faya huingia kazini kijiji kikiwa kimelala. Huondoa majivu ya jana, hupanga moto upya, kisha husubiri saa kadhaa mpaka maji ya boila yachemke na mvuke upate nguvu ya kusukuma. Dereva huja baadaye na kopo la mafuta, akipita kila kiungo cha magurudumu, akigusa chuma kwa kiganja. Ikiwa moto umepangwa vibaya saa 9 usiku, ubaya wake utaonekana saa 4 asubuhi kwenye mwinuko wa kwanza, na hapo hakuna la kufanya.

Moto wa mkasa wetu uliwashwa London. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha na Waingereza walikuwa bado wanapimiwa mafuta ya kupikia kwa kadi. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, aliipelekea serikali yao wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa matrekta. Ukatumwa ujumbe mdogo ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika. Ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya nchi ukiitazama kutoka kwenye ndege, ukarudi na mpango wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Jumla ekari 3,210,000. Kati ya mashamba hayo 107, mashamba 55 yalipangiwa Jimbo la Kusini.

Zaidi ya nusu ya mradi mzima, basi, ilitegemea nchi isiyokuwa na reli wala bandari ya kina kirefu. Kwa sababu hiyo walianzia Kongwa, ambako reli ya kati ilikuwa jirani, na huku kusini wakaanza kwanza kutafuta njia ya kupitishia mavuno ambayo yalikuwa bado hayajapandwa.

Saa 11 alfajiri

Mwaka 1949 garimoshi lilianza kutembea kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, kwenda Nachingwea. Mkwaya palikuwa pa muda tu. Bandari yenyewe ilichaguliwa Mtwara, jirani na Mikindani, kwa sababu ya ghuba yake ya kina kirefu, iliyokingwa dhidi ya upepo. Mji ukapimwa porini, gati likajengwa, reli ikavutwa kuelekea huko.

Sasa angalia tarehe. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi wa karanga umeshindikana. Udongo wa Kongwa uligeuka kama saruji baada ya mvua, matrekta yalivunjika, vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kung'oa visiki havikufaa, na hasara ilifika pauni milioni 36 za wakati ule. Gati la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya zao lililolijenga kuachwa. Tawi la Masasi likaja mwaka 1958, miaka saba baada ya zao hilo kuachwa.

Watu wakiona tarehe hizi husema reli hiyo ilikuwa upumbavu tangu mwanzo. Mimi nazisoma vingine. Karanga za matrekta zilipokufa, reli ilibaki na nafasi ya kuwa ya watu wanaoishi kandokando yake. Tawi la Masasi halikujengwa kwa ajili ya mashamba ya London. Lilijengwa kwa matumaini kwamba mkulima wa jembe la mkono angeyajaza mabehewa kwa mazao yake. Kwa miaka ile minne njia hii ilikuwa na kazi ya haki, na ndiyo ninayoililia.

Saa 12 asubuhi

Waliotoka Newala wamekwisha kufika. Walifika jana.

Uwanda wa Makonde umeinuka kama meza. Newala iko ukingoni kabisa, na mahali panapoitwa Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, unaona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Udongo wa juu ni mchanga. Mvua ikinyesha unaimeza, kwa hiyo uwandani hakuna mito. Vizazi na vizazi vya wanawake vimeteremka kwenye magenge kufuata chemchemi na kupanda na mitungi kichwani, mpaka mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kusukuma maji juu kwa mashine katika miaka ya 1950. Reli haikuthubutu kupanda huko. Ilipita chini, kaskazini, ikilifuata bonde la Lukuledi. Kwa mtu wa Newala wa upande wa magharibi, stesheni ilikuwa Masasi, mwendo wa kilomita kama 70, kwa lori likipatikana, kwa miguu lisipopatikana.

Bibi yangu mzaa mama aliwahi kulipanda garimoshi hilo. Alipotuhadithia sisi wajukuu hakuanza na moshi wala mwendo, mambo tuliyokuwa tukiyangoja. Alianza na mzani. Ndani ya bohari la mizigo kulikuwa na mzani wa chuma uliolala sakafuni, na gunia lake la ufuta liliwekwa pale, karani akasogeza vipimo kwenye mkono wa mzani mpaka ukatulia, akaandika namba kwenye karatasi, akaipiga mhuri, akampa nakala. Bibi hakujua kusoma. Karatasi ile aliitunza ndani ya kibuyu cha dawa kwa miaka mingi, ikawa rangi ya chai, na mikunjo yake ikatoboka. Mpaka siku ile uzito wa mazao yake ulikuwa umesemwa tu na mnunuzi, kwa mdomo, kwa mzani wa kuning'iniza aliokuja nao mnunuzi mwenyewe. Stesheni haikununua ufuta wake. Ilikuwa na kazi ya kuubeba tu, ndiyo maana haikuwa na sababu ya kumdanganya.

Tukizungumza habari za reli tunataja injini, na injini hupita. Kilichokaa ni stesheni. Mahali penye paa ambapo mzigo haulowi. Mahali penye mzani usio wa mnunuzi, daftari linaloandika kilichotoka na kilichoingia, na saa ya ukutani ambayo watu wa dukani na mahakamani walikuja kulinganisha nayo za kwao. Kijiji kikipata vitu hivyo vinne kinaanza kusema na ulimwengu kwa sauti inayoandikwa. Vikiondoka, kinarudi kuisikiliza sauti ya mwenye lori.

Saa 2 asubuhi

Hii ni saa ya bohari, na bohari la kusini ni bohari la nchi ya miti.

Mninga, mvule, mkongo, mpingo: miti hii ilikuwa mali ya kusini kabla ya korosho kuitwa dhahabu. Kaskazini ya bonde la Lukuledi kuna uwanda wa Rondo. Huko kampuni ya Steel Brothers, iliyokuwa imeshavuna misaji ya Burma, ilifungua kazi ya kukata mvule, ikajenga kambi, kiwanda cha kupasua na nyumba za mabwana. Kampuni ilipoondoka, nyumba hizo zikawa chuo cha uchungaji cha Mtakatifu Sipriani. Wachungaji wengi wa Dayosisi ya Masasi wamesomea teolojia kwenye vyumba vilivyojengwa kwa hesabu ya futi za mbao.

Gogo la mvule halibebeki. Hilo ni jambo dogo lenye maana kubwa. Gunia la korosho mtu anaweza kulipandisha baiskeli, na ndivyo ilivyofanyika miaka yote. Gogo la tani kadhaa linataka kazi ya watu wengi wanaoaminiana. Nguzo mbili huegemezwa ubavuni mwa behewa kama ngazi isiyo na vipandio. Kamba mbili hufungwa juu ya behewa, zikapitishwa chini ya gogo, ncha zake zikarudi juu kwa wavutaji. Wakivuta, gogo linajiviringisha lenyewe juu ya nguzo, polepole, na chini yake wapo wawili wenye vigingi wa kuziba kila hatua lisirudi. Kiongozi huimba, wengine huitikia, na wavutaji huvuta kwenye kiitikio tu. Kamba moja ikitangulia nyingine, gogo linageuka upande na kushuka na kila kilicho chini yake. Mpingo ni mzito zaidi ya maji, ukiutupa mtoni unazama. Kipande kisichozidi urefu wa mtu kinataka wanaume wanne.

Gogo likishatulia na kufungwa minyororo, karani huandika tena: mti gani, urefu gani, unakwenda kwa nani. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya kazi. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji, magogo ya kusini yalimiminika Dar es Salaam kwa malori, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya ushuru wa misitu haikuifikia serikali. Sisemi kwamba reli ingezuia wizi. Palipo na karani pana rushwa pia. Nasema gogo lililopita bohari la stesheni liliacha maandishi nyuma yake, na lori la saa 8 usiku haliachi kitu ila alama za matairi.

Saa 4 asubuhi

Kengele. Gadi ananyanyua bendera ya kijani. Mabehewa yanagongana moja baada ya jingine kuanzia mbele mpaka nyuma, na ambaye hajashika kitu anakaa chini bila kupenda. Masasi inabaki nyuma na milima yake ya mawe, Mkwera na Mtandi. Waliosindikiza wanarudi mashambani.

Saa 7 mchana

Saa hii haikupigwa stesheni. Ilipigwa ofisini, mbali na hapa, juu ya daftari la hesabu.

Reli zote za Afrika Mashariki zilikuwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours, lililoundwa mwaka 1948. Ya kusini ilikuwa mtoto wa pekee katika familia hiyo, maana haikuunganika na nyingine yoyote. Behewa lililokosa kazi Mtwara halikuweza kwenda kuchukua pamba Mwanza. Ili litoke, lilitaka meli. Injini mbovu, vipuri, mafundi, vyote vilifuata bahari. Kwa upande wa mapato kulikuwa na mazao ya wakulima yanayojaa kwa miezi michache na kupungua miezi mingine yote, mbao, abiria wa daraja la tatu, na mizigo ya shirika lililorithi mashamba ya Nachingwea. Gharama zilizidi mapato. Mwaka hadi mwaka zilizidi.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Nchi changa ilitaka shule na zahanati na walimu, na hazina yake ilikuwa nyembamba. Mwaka uliofuata reli ya kusini ikafungwa.

Nimeusikia mkasa huu ukipewa wa kulaumiwa wa kila aina: mkoloni, shirika la reli, serikali mpya. Mimi naona hesabu zilikuwa sahihi na uamuzi ulikuwa kosa, na yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Daftari la hesabu hupima kilichobebwa mwaka jana. Halina safu ya kilichopandwa. Na katika miaka ile ile, kuanzia Newala hadi Masasi, kila mwenye panga alikuwa anapanda mikorosho. Mkorosho huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hivi, na hauzai kwa nguvu zake zote mpaka ukaribie miaka kumi. Aliyekuja kukagua mwaka 1961 alipita katikati ya mapato ya kesho ya reli yake, akaona vichaka.

Uingereza nako, Machi 1963, Richard Beeching, mkuu wa reli za nchi hiyo, alitoa taarifa iliyopendekeza kufunga stesheni 2,363 na njia za zaidi ya kilomita 8,000, kwa hoja ile ile ya gharama kuzidi mapato. Huko watu walipiga kelele, na mpaka leo mji uliopoteza stesheni yake humtaja Beeching kwa jina, na njia kadhaa zimefunguliwa upya. Sisi hatukupata hata jina la kulaani.

Saa 9 alasiri

Reli hung'olewa kuanzia mwisho wake. Hakuna namna nyingine: vyuma vinavyong'olewa ni vizito, na cha kuvibeba ni garimoshi lenyewe, ambalo linahitaji njia iliyobaki ili lirudi nyumbani. Kwa hiyo gengi huanzia kituo cha mbali kabisa, hufungua vifungo, hunyanyua vyuma na mataruma, huvipakia kwenye behewa, na behewa hurudi hatua chache kuelekea baharini. Hatua chache tena. Kila jioni dunia inakuwa imejisogeza mbali kidogo na kijiji. Waliokuwa ndani zaidi, waliohangaika zaidi kuifikia, ndio waliotangulia kupoteza, na Mtwara yenye bahari yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Kongwa nako tawi la karanga lilikuwa limeng'olewa hivyo hivyo. Lilikuwa likitoka Msagali. Jina hilo Watanzania wengi walilisikia baadaye, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliposhindwa kusimama mlimani, ikarudi nyuma kwa kasi kati ya Igandu na Msagali na kuigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Mkasa ule una tarehe, una makaburi Dodoma, na una familia zinazosoma dua kila Juni. Siufananishi na wa kwetu. Roho ya mtu mmoja ina uzito kuliko reli yote ya kusini. Nautaja kwa kuwa unaonyesha jinsi taifa linavyojua kukumbuka likitaka.

Vyuma vichache vilibaki. Shuleni kwetu kimoja kilining'inizwa kwa waya kwenye mwembe, kipande cha urefu wa mkono, na kiranja alikigonga kwa nondo: kuingia darasani, mapumziko, kutoka. Kilisikika hadi ng'ambo ya bonde. Tuliosoma pale tumeisikia reli miaka saba bila kuiona.

Saa 12 jioni

Mikorosho ikazaa.

Ilianza mara tu baada ya vyuma kuondoka, na mavuno yakapanda mwaka hadi mwaka mpaka msimu wa 1973/74, Tanzania ilipokusanya tani 145,000, kiasi ambacho hakikufikiwa tena kwa miongo kadhaa. Nyingi zilitoka huku. Kwa garimoshi la kubeba tani 500, hizo ni safari 290. Zililetwa Mtwara kwa malori, juu ya barabara za udongo, masika yakikaribia.

Halafu yakaja mambo mengine, na si yote ni ya reli. Watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiriunga ukashika maua, bei ikawa ya kukatisha tamaa, na msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi karibu tani 16,500. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa Masasi, Newala, Mtama, Nachingwea na kwingineko vilisimama, vingine kabla hata ya kuanza vizuri. Kuusingizia ukosefu wa garimoshi kila kitu ni kuwadanganya wasomaji. Lakini mkulima wa Newala wa miaka hiyo, aliyeuza kwa bei ya mlangoni kwa sababu hakuwa na mahali pa kupeleka gunia lake likapimwa na mtu asiyetaka kulinunua, alikuwa anailipa hesabu ya mwaka 1962 bila kujua.

Na vita. Tangu 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji walipigana ng'ambo ya Ruvuma, kambi yao kuu ikiwa Nachingwea, mji ambao karanga ziliujenga. Wakimbizi walivuka kwa maelfu. Chakula chao, dawa zao, silaha za wapiganaji, vyote vilipita kwenye matope kandokando ya tuta lililokuwa limeshanyang'anywa vyuma vyake.

Saa 3 usiku

Kwa muda mrefu mtu wa Masasi aliyetaka kwenda Dar es Salaam wakati wa masika alitaka kwanza ruhusa ya mto. Kivuko cha Ndundu kwenye Rufiji kiliamua nani afike na nani alale. Wagonjwa walilala hapo, na maharusi pia. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, wilaya ya Masasi, alikuwa Rais daraja lilipofunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2010 likafuata Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, pale Mtambaswala, likatuunganisha na Msumbiji. Barabara ya Mtwara hadi Newala hadi Masasi, kilomita 210, imejengwa kwa vipande. Miaka 60 baada ya garimoshi kuondoka, mtu wa Tandahimba, kwenye barabara hiyo, alikuwa bado anakula vumbi.

Korosho zikarudi. Msimu wa 2017/18 zilivuka tani 300,000, rekodi ya wakati ule. Mwaka uliofuata bei ilizua mgogoro, na Novemba 2018 serikali ikaamuru jeshi lizisombe, malori ya kijani yakapanda uwandani. Nilipoyaona yakipita nikafikiria mabehewa. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliokuwa umeanza mwaka 2007 ulikuwa tayari umejaribu kurudisha kile alichokiona bibi: gunia linapimwa, linaandikwa, mkulima anapewa karatasi. Una kasoro zake na wakulima wanazijua kuliko mimi. Hata hivyo ulipoletwa, watu waliupokea kama kitu kipya kabisa kusini, na hakuna ofisa niliyemsikia akisema kwamba Masasi ilikuwa na bohari lenye mzani na mhuri tangu mwaka 1958.

Saa 6 usiku

Ipo michoro ya reli mpya, ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Imezungumzwa kwa miaka mingi, na upembuzi wake umefanywa. Ikijengwa itabeba makaa na chuma, kwa kuwa ndivyo vitakavyolipa mkopo. Kwa maneno mengine, kwa mara ya pili reli ya kusini inapangwa kwa ajili ya mzigo mmoja mkubwa unaotazamwa kutoka mbali, na wenyeji wa njiani watakuja baadaye kama walivyokuja mwaka 1958.

Kwa hiyo yapo mawili ambayo wahandisi na madiwani wanapaswa kuulizwa sasa, kabla michoro haijagandishwa. La kwanza ni bohari. Stesheni ya Masasi, na ya Nachingwea, na popote tawi litakapopita chini ya uwanda, iwe na ghala la umma lenye paa na mzani wa umma, ambapo gunia moja la mkulima wa Newala linapokelewa na kuandikwa sawa na tani elfu za makaa. Lisiachwe kwa mfanyabiashara atakayejenga la kwake nje ya uzio.

La pili ni la Halmashauri na shule. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1962 ni mzee wa zaidi ya 70 leo. Wapo waliobeba vigingi chini ya magogo, waliouza maandazi dirishani, waliolala barazani na mizigo yao. Wapelekewe vijana wa sekondari wenye simu za kurekodia, waende nao mpaka kwenye tuta, waonyeshwe bohari lilisimama wapi, mzani ulikuwa upande gani, tanki la maji lilikuwa wapi, na siku ya mwisho garimoshi liliondoka na nini. Wakati bado upo, lakini si mwingi.